"Makuta ilienda ao hapana?" Namna programu inavyoita kazi ya mbali, na kwa nini jibu hupotea njiani

Ni saa mbili ya usiku katika komine ya Shituru, mjini Likasi. Kuran imekatika, rezo inaenda na kurudi. Mama anataka kulipa minervali ya mtoto kwa telefone. Anaandika namba yake ya siri, anabonyeza "tuma". Alama ya kungoja inazunguka, inazunguka, kisha maneno yanatokea: "Kosa. Jaribu tena." Hakuna mesaji yoyote inayoingia.

Huu ni mfano tu, lakini wakaaji wengi wa Shituru, Kikula, Panda na komine ya Likasi wanaujua vizuri. Ulizo la mama ni moja: makuta ilienda ao hapana? Akibonyeza tena, anaweza kulipa mara mbili. Asipobonyeza, mtoto anaweza kurudishwa nyumbani kesho asubuhi.

Jibu la ulizo hilo halitoki kwa rezo peke yake. Linatoka pia kwa namna mtu aliyeandika programu alivyofikiri. Hapa chini ni maelezo ya namna programu ya telefone inavyoita kazi iliyo kwenye ordinateri ya mbali, kwa vijana wanaosoma informatike na kwa kila mtu anayelipa kwa telefone.

Kazi ya hapa na kazi ya mbali

Programu yoyote imejengwa kwa kazi ndogo ndogo. Kuna kazi ya kujumlisha bei, kazi ya kupanga majina, kazi ya kuonyesha tarehe. Programu inaita kazi kwa jina lake, inaipa vitu inavyohitaji, na kazi inarudisha jibu. Yote hayo yanafanyika ndani ya telefone yenyewe, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Lakini salio la makuta haliko ndani ya telefone. Liko kwenye seva, yaani ordinateri ya kampuni inayoshika hesabu za watu wote. Ndiyo maana mtu akipoteza telefone yake, makuta yake hayapotei pamoja nayo. Programu ikitaka kupunguza salio la mama na kuongeza la masomo, haiwezi kufanya kazi hiyo yenyewe. Inapaswa kuomba seva iifanye, kisha ingoje jibu. Huko ndiko kuita kazi ya mbali. Wenye ufundi wanakuita RPC.

Wazo hili si la jana. Mwaka wa 1976, wakati intaneti ilikuwa bado mtandao mdogo wa vyuo na wachunguzi huko Marekani, James White aliandika hati iliyopewa namba RFC 707, akipendekeza kwamba programu moja iweze kuita kazi za programu nyingine kupitia mtandao. Mwaka wa 1981 Bruce Nelson alitetea kazi yake ya udaktari juu ya jambo hilo hilo, na mwaka wa 1984 yeye na Andrew Birrell walieleza namna walivyoijenga kwa kweli katika maabara ya kampuni ya Xerox, jimboni California.

Ufundi wao mkubwa ulikuwa mwakilishi. Ni kipande cha programu kinachokaa upande wa anayeita na kujifanya kuwa ndiyo kazi yenyewe. Mwandishi wa programu anaandika mstari mmoja tu, kama "lipa", na mwakilishi anashughulika na safari yote. Hapo kuna faida, na hapo pia kuna mtego: mstari mmoja unaficha barabara nzima, pamoja na mashimo yake.

Bahasha zimebadilika, safari ni ile ile

Intaneti ilipoenea, watu walitaka kutumia njia ile ile ya kurasa za wavuti, yaani HTTP, kwa kuita kazi. Mwaka wa 1998 ilitokea XML-RPC. Kisha ikaja SOAP, iliyopelekwa kwa shirika la viwango vya wavuti W3C mwaka wa 2000, na toleo lake la 1.2 likakubaliwa mwaka wa 2003. SOAP huenda pamoja na WSDL, hati inayotaja kila kazi ya seva, vitu inavyotaka na jibu inalotoa. Benki na makampuni makubwa bado wanaitumia.

JSON-RPC 2.0 ilitoka mwaka wa 2010, ikiwa nyepesi zaidi. Google ilitoa gRPC mwaka wa 2015. Siku hizi huduma nyingi zinapokea maandishi ya JSON kupitia HTTPS bila kujiita RPC. Kwa anayeita, shida ni zile zile: kupanga vitu, kutuma, kungoja, kusoma jibu.

Safari ya mwito mmoja

Mama akibonyeza "tuma" kwenye programu ya intaneti, mambo haya yanafuatana:

1. Programu inapanga vitu vya kutuma: namba ya telefone, kiasi, aina ya makuta, na anayelipwa.
2. Inatafuta anwani ya seva. Jina la seva linageuzwa kuwa namba, kazi inayofanywa na DNS.
3. Inafungua njia iliyofungwa kwa siri, HTTPS, ili mtu wa katikati asisome wala kubadilisha kitu.
4. Inajitambulisha kwa ufunguo wake, ili seva ijue ni nani anayeita.
5. Seva inakagua: namba ni sahihi? Salio linatosha? Kisha inafanya kazi na kuiandika katika daftari lake.
6. Seva inatuma jibu.
7. Programu inasoma jibu na kumwonyesha mama.

Mwenye telefone ndogo isiyo na intaneti anatumia USSD, yale maandishi yanayoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya #. Njia hiyo inapita katika rezo ya simu yenyewe na haihitaji mega, lakini mesaji moja haiwezi kupita herufi 182, na mazungumzo hukatika haraka. Baada ya hapo, ordinateri za kampuni zinaitana zenyewe kwa zenyewe kwa namna ile ile.

Mfano wa karibu: M-Pesa

M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa tatu 2007. Vodacom iliileta Congo mwaka wa 2012. Leo, pamoja na Airtel Money na Orange Money, ndizo njia ambazo watu wengi wa majimbo ya mashariki wanatumia kutuma na kupokea makuta.

Vodacom inafungulia waandishi wa programu mlango wa kuita kazi za M-Pesa, na Congo ni mojawapo ya inchi zilizomo. Mlango huo unaonyesha vizuri mambo tuliyoeleza. Kwanza programu inaficha ufunguo wake kwa ufunguo wa wazi wa M-Pesa, na inaomba kipindi cha kazi. Ikikipata, ndipo inaweza kuita kazi yenyewe: kulipisha mteja, kulipa mtu, kurudisha malipo, ao kuuliza hali ya malipo yaliyopita.

Kati ya vitu vinavyotumwa, viwili vinagusa maisha yetu moja kwa moja. Cha kwanza ni namba ya telefone: inaandikwa kwa kuanza na 243, bila sifuri ya mbele. Cha pili ni aina ya makuta. Hapa kwetu dolari na franka vinatembea pamoja sokoni, na muuzaji akisema "kumi", mnunuzi anaelewa kwa kutazama bidhaa. Seva haitazami bidhaa. Inataka kuambiwa wazi kama ni USD ao CDF.

Jibu nalo linakuja na alama. INS-0 ni kwamba kazi imefanyika. INS-2006 ni kwamba salio halitoshi. INS-9 ni kwamba muda wa kungoja umekwisha. INS-10 ni kwamba malipo hayo yamerudiwa. Alama hizo mbili za mwisho ndizo zinazohusu shida ya mama wa Shituru.

Mtoto hajarudi kutoka dukani

Tufikirie mzazi anayetuma mtoto dukani na makuta na karatasi: "Nunua kilo mbili za sukari." Saa inapita, mtoto hajarudi. Kuna mambo matatu yanayowezekana:

- Mtoto hakufika dukani. Sukari haikununuliwa.
- Alifika, lakini kazi iliishia katikati. Muuzaji amepokea makuta, sukari bado hajapima.
- Alinunua, lakini amekwama njiani wakati wa kurudi.

Kwa mzazi aliye nyumbani, yote matatu yanafanana. Anachoona ni kimoja: mtoto hajarudi. Akituma mtoto wa pili na makuta mengine, anaweza kujikuta na kilo nne.

Mwito wa mbali ni hivyo hivyo. Rezo ikikatika kabla ya mwito kufika, hakuna kilichofanyika. Ikikatika wakati jibu linarudi, malipo yamekwisha kuandikwa kwenye seva, lakini telefone haijui. Kutopata jibu si sawa na kukataliwa. Programu inayoandika "Kosa. Jaribu tena" katika hali zote inamdanganya mtumiaji, kwa sababu yenyewe haijui kama kuna kosa.

Je, seva haiwezi kungoja telefone iseme "nimepokea jibu"? Inaweza, lakini "nimepokea" hiyo nayo inaweza kupotea njiani, na seva itabaki na shaka ile ile. Wataalamu wanaeleza jambo hili kwa mfano wa majemadari wawili wanaotaka kushambulia saa moja, huku wajumbe wao wanaweza kukamatwa bondeni. Imeonyeshwa tangu miaka ya 1970 kwamba hata wakituma wajumbe wengi namna gani, hawatapata uhakika kamili kwamba wamekubaliana. Basi hata kampuni ikinunua mitambo mipya, shida hii haitakwisha. Kinachobaki ni kuijengea programu namna ya kuishi nayo.

Dawa: namba ya pekee kwa kila malipo

Turudi kwa mzazi. Kama kwenye karatasi ya kwanza angeandika "Karatasi namba 57", na mtoto wa pili akaenda na karatasi yenye namba hiyo hiyo 57, muuzaji angetazama daftari lake na kusema: "Hii nimeishaifanya, sukari yenu ni hii." Mtoto wa pili asingelipa tena.

Ndivyo programu nzuri inavyofanya. Kabla ya kuita, inatengeneza namba ya pekee kwa malipo hayo. Ikijaribu tena, inatumia namba ile ile. Seva ikiona namba hiyo kwa mara ya pili, haifanyi kazi upya. M-Pesa inataka namba ya namna hiyo kutoka kwa anayeita, na jibu la INS-10 ndiyo njia ya kusema "hii imerudiwa". Kosa kubwa la waandishi wanaoanza ni kutengeneza namba mpya kila mara mtumiaji anapobonyeza. Kwa seva, namba mpya ni malipo mapya.

Mambo mengine matano yanaenda pamoja na hilo.

*Andika kwanza, ita baadaye.* Programu ihifadhi namba ya pekee, kiasi na saa ndani ya telefone kabla ya kutuma. Betri ikizimika katikati, programu ikifunguliwa tena itajua kwamba kuna malipo yanayongoja jibu. Isipoandika, inasahau yote.

*Weka mpaka wa kungoja.* Programu isingoje bila mwisho. Vifaa vingine haviweki mpaka vyenyewe: maktaba ya requests, ambayo wanafunzi wengi wa Python wanaanza nayo, inaweza kungoja bila kikomo kama mwandishi hakuandika sekunde ngapi.

*Uliza kabla ya kurudia.* Muda ukikwisha, hatua ya kwanza ni kuita kazi ya kuuliza hali: "malipo haya yalifika?" Kuuliza hakupunguzi salio la mtu. Kunaweza kurudiwa mara kumi bila hasara.

*Usirudie kwa haraka.* Rezo ikirudi baada ya kukatika, telefone elfu nyingi zinaweza kuita seva kwa sekunde moja na kuiangusha tena. Programu ingoje sekunde 2, kisha 4, kisha 8, na kuongeza kamuda kadogo ka bahati nasibu, ili zote zisiite pamoja. Haraka haraka haina baraka, hata kwa mashine.

*Soma jibu mpaka ndani.* Namba za HTTP zinasema habari za bahasha: 200 ni kwamba imepokelewa, 401 ni kwamba anayeita hakutambuliwa, 503 ni kwamba huduma haipatikani kwa sasa, 504 ni kwamba seva ya katikati imechoka kungoja. Lakini bahasha yenye 200 inaweza kubeba barua inayosema "imeshindikana". JSON-RPC inaweza kufanya hivyo kabisa. Anayetazama 200 na kumwambia mteja "umelipa" hajasoma barua.

Majibu matatu, si mawili

Basi programu ya malipo inapaswa kujua hali tatu: imefanyika, imekataliwa, na haijulikani bado. Wengi wanaandika mbili za kwanza na kusahau ya tatu. Kwa hali ya tatu, mama wa Shituru angepaswa kusoma kwenye telefone yake: "Tunahakikisha malipo yako. Usilipe tena." Ni maneno machache tu, lakini yanaweza kumwokolea minervali ya mwezi mzima.

Huduma nyingine zinakubali hali hiyo tangu mwanzo. Mlango wa Safaricom nchini Kenya, unaoitwa Daraja na uliofunguliwa mwaka wa 2017, ukiombwa kulipisha mteja unajibu kwanza kwamba ombi limepokelewa tu. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye: seva ya Safaricom ndiyo inayoita seva ya muuzaji kumwambia kama mteja amelipa, amekataa ao hakujibu. Muuzaji anayetoa bidhaa kwa jibu la kwanza anatoa bidhaa ambayo haijalipwa.

Si makuta peke yake

Jambo hili linagusa pia afya. Congo inatumia programu ya DHIS2 kwa takwimu za vituo vya afya. Muuguzi anaweza kuandika mgonjwa wa surua kwenye tableti bila rezo, kisha kutuma baadaye. Jibu likipotea na tableti ikatuma tena, je, mgonjwa mmoja atahesabiwa kama wawili?

DHIS2 inampa kila mgonjwa na kila tukio alama ya pekee ya herufi na namba 11, na tableti inaweza kuwa na alama hiyo kabla ya kutuma. Habari ikifika mara ya pili na alama ile ile, seva inajua ni mtu yule yule. Hesabu ya wagonjwa ikipanda mara mbili bila sababu, dawa zinaweza kupelekwa mahali pasipohitajika na kukosekana panapohitajika.

Mtumiaji afanye nini?

Wakati waandishi wa programu wanaendelea kujifunza, anayelipa anaweza kujilinda:

- Asibonyeze mara ya pili mara moja. Kwanza atazame salio lake na orodha ya malipo ya mwisho. Huko ndiko kuuliza hali kwa mkono.
- Aandike saa, kiasi na namba aliyolipa. Mesaji ikifika kwa kuchelewa, ahifadhi namba ya malipo iliyomo.
- Kama salio limepungua na aliyelipwa anasema hajapata, aende na habari hizo kwa kampuni ao kwa wakala anayetambulika.
- Asimpe mtu yeyote namba ya siri, hata anayepiga simu akisema anataka "kurudisha makuta iliyokwama". Seva haihitaji namba ya siri ya mteja ili kutafuta malipo katika daftari lake.

Maneno ya kujua

*Seva*: ordinateri inayotoa huduma kwa nyingine na kushika hesabu.
*Mwito wa mbali (RPC)*: programu moja kuomba kazi ifanyike kwenye ordinateri nyingine, na kungoja jibu.
*Mwakilishi*: kipande cha programu kinachopokea mwito upande wa anayeita na kuupeleka kwa seva.
*Mpaka wa kungoja*: sekunde ambazo programu inakubali kungoja jibu.
*Namba ya pekee*: namba inayotambulisha mwito mmoja, ili ukirudiwa usifanyike mara mbili.

Kijana wa Likasi anayeandika programu yake ya kwanza ya malipo anaweza kuijaribu kwa njia rahisi: abonyeze "tuma", na papo hapo azime rezo ya telefone. Kisha airudishe na kutazama. Kama programu inasema "jaribu tena" bila kuuliza seva kwanza, kazi yake bado haijakwisha.